Kutoa kabureta na kufunga injekta kwenye Toyota 5A: kuanzia hedi hadi waya

Mwongozo huu ni wa mwenye Toyota AE91, au Carina ya zama hizo, iliyo na injini ya 5A-F au 4A-F ya kabureta, na anayetaka kuweka hedi (kile kipande cha juu kinachofunika silinda na kubeba vali) ya 5A-FE au 4A-FE pamoja na injekta zake. Injini hizi ni za ukoo mmoja. Bloku ni ile ile kimsingi, silinda ni nne, vali 16, kamshafti mbili juu. 5A ina cc 1498 na 4A ina cc 1587. Urefu wa mwendo wa pistoni ni sawa, milimita 77, ila tundu la silinda la 5A ni 78.7 na la 4A ni 81. Herufi E ya mwisho maana yake ni injekta za kielektroniki, na ndiyo inayobeba kazi yote tunayoizungumzia hapa; injini zenye E hiyo nitaziita FE tu.

Wengi hawafiki hapa kwa kupenda kasi. Wanafika kwa sababu hedi imepinda. Nairobi iko mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji matupu huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Thermostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye 82 hivi. Ukitumia maji ya bomba kwenye rejeta, halafu kifuniko kiwe kimechoka hakishiki presha, nafasi iliyobaki kati ya joto la kawaida na kuchemka ni ndogo mno, na hedi ni ya alumini. Foleni moja ya Jogoo Road saa kumi na moja jioni inatosha. Basi ikiwa hedi lazima itoke, ndipo swali la injekta linakuja: kama unanunua hedi nyingine, mbona usinunue ya FE?

Kabla hujajibu, pima mgandamizo wa silinda zote nne. Kama silinda moja imeanguka, mwaga kijiko cha oili ndani yake upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha, na hapo kuweka hedi nzuri juu ya bloku mbovu ni kutupa pesa. Afadhali utafute injini nzima kutoka Japani. Jambo moja la kupima kwenye mizani: nambari ya injini imegongwa kwenye bloku. Ukibadilisha hedi peke yake, nambari iliyo kwenye logibuku inabaki ile ile. Ukibadilisha injini nzima, una safari ya NTSA, mamlaka ya usajili wa magari ya Kenya, kusahihisha rekodi, na ukikwepa safari hiyo itakungoja siku ya kuuza gari. Kwa vyovyote, mwambie mwenye bima yako kwamba gari limebadilishwa.

Kununua: kila kitu kutoka gari moja

Hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Usinunue hedi kwa huyu, manifoldi kwa yule na kompyuta kwa wa tatu, hata kama wote wako mtaa mmoja wa Grogan, pale penye maduka ya spea Nairobi. Toyota ilibadilisha FE katikati ya safari. Manifoldi za mwanzo na za baadaye hazifanani, mahali injekta zinapokaa na umbo la matundu ya hewa hutofautiana, na soketi za kompyuta hutofautiana pia. Hedi, manifoldi ya hewa, reli ya injekta, distribyuta, waya na kompyuta vikitoka gari moja, vinajuana. Vikitoka magari matatu, utalipa fundi wa waya kuvitambulisha.

Njia nzuri ni nosi-kati, yaani ile sehemu ya mbele ya gari iliyokatwa Japani na kuletwa nzima na injini yake. Ukiikosa, tafuta muuzaji aliye na injini ambayo waya zake bado zimo. Utaambiwa, "Bosi, chukua hii, waya utapata mbele." Mwache nayo. Waya ni nusu ya bei ya kazi hii, na huko mbele utazipata zimekatwa inchi tano kutoka kwenye soketi, zimefungwa kwa mpira kama sukumawiki.

Unachotaka kuondoka nacho ni hiki:

- hedi iliyokamilika na kamshafti zake, pamoja na bolti zake kumi;
- manifoldi ya hewa na throto yake, reli, injekta nne na regyuleta ya presha;
- manifoldi ya egzosti yenye tundu la sensa ya oksijeni, na sensa yenyewe;
- distribyuta ya FE, koili na igniteri;
- sensa ya vakyumu iliyokuwa kwenye ukuta wa injini, kisanduku cha hewa na sensa yake ya joto;
- kompyuta, waya nzima kutoka injini hadi ndani ya gari, boksi la fyuzi na relei zake, na kile kisanduku kidogo cha uchunguzi chenye matundu ya TE1 na E1;
- pampu ya mafuta, au tangi zima kama linapatikana.

Distribyuta ya kabureta haifai hata kwa kujaribu. Ile hupangwa taimingi na vakyumu. Ya FE ina koili ndogo ndani zinazoiambia kompyuta krenkshafti iko wapi. Na hakikisha kompyuta inalingana na giaboksi yako. Kompyuta ya otomatiki kwenye gari la manyuali huleta vituko ambavyo mtu hawezi kuvielewa kwa simu.

Hedi kwa fundi wa mashine

Hedi ya kutoka Japani haiji na cheti cha afya. Ipeleke Kariobangi Light Industries au Industrial Area kwa watu wenye mashine, waioshe, waipime nyufa kwa presha, na waweke rula ya chuma na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) juu ya uso wake. Upande wa bloku usizidi kupinda milimita 0.05, upande wa manifoldi, 0.10. Ikizidi, iskimiwe, yaani uso wake unyolewe kwa mashine, lakini kidogo kadiri inavyowezekana, maana kila unachokiondoa kinaongeza mgandamizo. Sagisha vali, badilisha sili za vali zote 16. Sili ni rahisi, na kuzibadilisha hedi ikiwa juu ya meza ni kazi ya dakika chache. Ikiwa ndani ya gari ni kazi ya kulaani.

Kama umepata hedi ya 4A-FE kwa ajili ya bloku ya 5A, bolti zitaingia. Lakini chagua gasketi ya bloku uliyo nayo, na ujue uwiano wa mgandamizo hautakuwa ule wa kitabu cha injini yoyote kati ya hizo mbili. Mimi hupendelea 5A kwa 5A.

Kamshafti za hedi hii zina ujanja wake. Moja inavutwa na mkanda, ya pili inavutwa na ya kwanza kwa gia, na gia moja imegawanyika vipande viwili vyenye springi katikati ili meno yasipige kelele. Kabla ya kuitoa kamshafti hiyo, ingiza bolti ya milimita 6 kwenye tundu lake kufunga vipande hivyo viwili pamoja. Usipofanya hivyo, springi inafyatuka na kuirudisha ni mieleka. Vifuniko vya kamshafti navyo vilegezwe na kukazwa kidogo kidogo, zamu kwa zamu, kamshafti ikibaki sawa kama meza. Ikishuka upande mmoja kwanza, huvunja hedi au yenyewe.

Kufungua na kufunga

Ondoa betri kabisa, uiweke mbali. Mwaga maji na oili. Piga picha za kila mpira na kila waya kabla ya kugusa, kisha uweke lebo za tepu. Zungusha injini hadi silinda ya kwanza iwe juu kwenye alama ya sifuri, halafu toa mkanda. Bolti za hedi zilegezwe kuanzia pembeni kuja katikati, kwa zamu kadhaa, injini ikiwa baridi.

Uso wa bloku usafishwe kwa kisu cha plastiki na subira. Wapo mafundi wanaopitisha grainda yenye brashi. Vumbi lake huingia kwenye oili na kula beringi. Matundu ya bolti yanyonywe yakauke kabisa. Oili au maji yakibaki chini ya tundu, bolti ikishuka inayabana, na bloku inaweza kupasuka.

Sasa torki, yaani nguvu ya kukaza bolti. Hapa watu huumia kwa sababu ya kuulizana badala ya kusoma. Injini za kizazi cha AE92, Corolla ya zama zile zile za AE91, hukazwa hadi Nm 60 kwa zamu tatu. Za kuanzia AE101, Corolla ya kizazi kilichofuata, hukazwa Nm 29, kisha kila bolti inazungushwa nyuzi 90, kisha nyuzi 90 nyingine. Fuata kitabu cha injini iliyotoa hedi na bolti zako. Kwa aina ya pili, weka alama ya rangi upande wa mbele wa kila kichwa cha bolti. Baada ya zamu ya kwanza alama zote zitatazama pembeni, na baada ya ya pili zitatazama nyuma. Ukiona moja inatazama kwingine, umeiruka. Kuna bolti fupi za milimita 90 na ndefu za 108. Fupi ziko upande wa manifoldi ya hewa, ndefu upande wa egzosti. Unakaza kuanzia katikati kwenda nje, nyuzi za bolti na chini ya vichwa vyake vikiwa na tone la oili.

Mkanda wa taimingi uwe mpya, pamoja na beringi yake ya kukazia na pampu ya maji kama inavuja hata kidogo. Tundu dogo kwenye puli ya kamshafti lilingane na alama kwenye kifuniko cha beringi, krenkshafti ikiwa sifuri. Zungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili, uangalie alama zimerudi mahali pake. Usitumie stata kwa hilo.

Mafuta

Kabureta huridhika na presha ndogo ya pampu ya mitambo. Injekta za FE zinataka psi 38 hadi 44, mpira wa vakyumu wa regyuleta ukiwa umetolewa. Kwa hiyo mipira yote ya zamani itoke. Nunua mipira iliyoandikwa kwamba ni ya injekta, na klipu zinazobana mzunguko mzima bila kukata mpira. Chujio liwe la chuma. Mpira wa kabureta ukipewa psi 40 hushikilia wiki mbili tatu, kisha hupasuka juu ya manifoldi ya moto. Kizima moto kiwe kando yako tangu hatua hii, si ndani ya buti.

Lazima pia kuwe na njia ya kurudisha mafuta kwenye tangi. Magari mengi ya kabureta yana paipu nyembamba ya kurudishia. Ipulize uhakikishe haijaziba.

Tangi ndilo huleta lawama baadaye. Tangi la FE lina kikombe ndani kinachoizuia pampu isivute hewa mafuta yakienda upande mmoja. La kabureta mara nyingi halina. Ukiweka pampu ya nje, iweke chini kuliko tangi, kwa sababu pampu hizi husukuma vizuri lakini kuvuta haziwezi, na utangulize chujio pana. Hata hivyo, kwenye kona ndefu za kushuka Mai Mahiu ukiwa na robo tangi, injini itakohoa. Tangi la FE hukaa mahali pale pale kwenye AE91, na ningelitafuta kwanza. Lolote utakalotumia, lioshwe: kutu ambayo kabureta iliimeza miaka yote itaziba injekta ndani ya siku chache.

Waya

Tenga nafasi mezani, tandaza waya nzima, uandike kila soketi kazi yake kabla ya kuipeleka kwenye gari. Usikate chochote bado. Kompyuta ya Toyota ya zama hizo ina majina mafupi ya pini, na ukiyajua kumi na mbili hivi umemaliza hofu.

Umeme unaingia kwa njia mbili. BATT ni wa kudumu, unaotunza kumbukumbu, na huenda moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi. +B unakuja kupitia relei kuu ufunguo ukiwashwa. STA huiambia kompyuta kwamba stata inazunguka. E1, E01 na E02 ni za ardhi. Kwenye waya ya kiwandani hufungwa kwa bolti kwenye manifoldi, na hapo ndipo zirudi, kwenye chuma kilichoparuliwa kikang'aa. Ardhi mbovu hufanya injini ionekane ina magonjwa sita kwa wakati mmoja.

Injekta zimegawanywa makundi mawili, #10 na #20. Zinapata volti 12 upande mmoja, na kompyuta inazifungua kwa kugusa ardhi upande wa pili. Pima kila injekta kwa mita kabla ya kufunga. Upinzani uwe karibu ohm 13.8. NE na G hutoka kwenye distribyuta, na waya zake zina ganda la kuzuia kelele za umeme. Usizirefushe kwa waya ya spika. IGT inaenda kwa igniteri kuamuru cheche, na IGF inarudi kusema cheche imetokea. IGF isiporudi, kompyuta huacha kufungua injekta. VC ni volti 5 za sensa. PIM ni sensa ya vakyumu, THW ni joto la maji, THA joto la hewa, OX oksijeni, W ni taa ya injini kwenye dashibodi.

FC inastahili sentensi zake. Ndiyo inayowasha relei ya pampu, na kompyuta huiwasha tu ikiona injini inazunguka. Fundi akikuambia amefunga pampu moja kwa moja kwenye ufunguo "ili isisumbue", mwambie aifungue. Gari likipinduka au mpira ukichomoka, injini itazima lakini pampu hiyo itaendelea kumwaga petroli hadi mtu akumbuke ufunguo.

Viungo vya waya vyote viunganishwe kwa risasi na kufunikwa kwa mpira wa kusinyaa kwa moto, ambao unapatikana kwa mita pale Luthuli Avenue. Tepu peke yake huyeyuka karibu na injini. Kompyuta ikae ndani ya gari, mbali na maji na mbali na hita.

Kuwasha

Toa waya ya koili na fyuzi ya injekta, zungusha stata hadi taa ya oili izime. Rudisha fyuzi, waya ya koili iendelee kubaki nje kwa muda, unganisha FP na +B kwenye kisanduku cha uchunguzi ili pampu ifanye kazi injini ikiwa imezima. Kagua kila kiungo cha mafuta kwa tochi na kitambaa kikavu. Hakuna unyevu wowote unaokubalika, hata jasho. Toa kiunganishi, rudisha waya ya koili, washa.

Ikikataa, kompyuta yenyewe itakuambia. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa ufunguo bila kuwasha injini, uhesabu taa ya dashibodi. Kupepesa mfululizo bila kukatika ni salama. Kupepesa mara tatu, kimya, mara moja ni 31: sensa ya vakyumu. 12 ni kwamba haioni mzunguko, 14 ni cheche, 22 ni sensa ya joto la maji, 41 ni sensa ya throto. Huhitaji skana, na skana za kisasa hazina pa kuchomeka kwenye gari hili.

Ikiwaka lakini ikawa inapanda na kushuka yenyewe, tafuta hewa inayoingia kwa wizi: gasketi ya manifoldi, mpira mdogo wa vakyumu uliosahaulika, oringi za injekta. Mwaga maji ya sabuni kidogo kidogo kwenye viungo usikilize sauti ikibadilika. Maji ya rejeta nayo yajazwe gari likiwa limeinamishwa pua juu, hita ikiwa wazi, hadi hewa yote itoke. Tumia kulanti iliyochanganywa, na kifuniko kipya.

Injini ikishapata moto, unganisha tena TE1 na E1, uweke taimingi nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu kwa taa ya taimingi, halafu toa kile kipande cha waya.

Namba za kitabu na namba za Nairobi

Vitabu vya Toyota vimeandikwa kwa usawa wa bahari, na hapa hewa ina karibu asilimia 82 ya presha hiyo. Usipolijua hilo utabadilisha vitu vizima. Mgandamizo ambao kitabu cha 4A-FE kinasema ni psi 191, hapa ukisoma 155 kwa silinda zote nne uko salama. Muhimu ni zisitofautiane sana. Geji ya vakyumu inayosoma inchi 18 au 20 za zebaki pale Mombasa itasoma 13 au 14 hapa, na si gasketi inayovuja. PIM ambayo kitabu kinasema iwe volti 3.3 hadi 3.9 ufunguo ukiwashwa, hapa itakuwa karibu 3. Hiyo ni sensa inayofanya kazi yake, si sensa mbovu.

Na hapo ndipo faida ya kazi yote ilipo. Kabureta iliyopangwa Japani humwaga petroli ya usawa wa bahari ndani ya hewa nyepesi ya Nairobi, ndiyo maana plagi zake huwa nyeusi na moshi hunuka. Ukiipunguza jeti, yaani kile kitundu kinachopitisha petroli, hapa, itakuwa na njaa ukishuka pwani. Kompyuta husoma hewa iliyopo kila sekunde: kutoka Limuru hadi Mtito Andei hadi Likoni, hakuna wa kugusa skrubu.

Usikaze tena bolti za hedi zilizokazwa kwa kuzungushwa nyuzi 90, hazitaki. Badilisha oili na chujio baada ya kilomita 500, kwa sababu kuna vumbi la kusaga vali na mabaki ya gasketi ndani. Chujio la mafuta nalo libadilishwe mapema, hasa kama ulitumia tangi la zamani. Kisha chora mchoro wa waya ulizounganisha, rangi kwa rangi, uuweke ndani ya mfuko wa plastiki kwenye boksi la dashibodi, na nakala kwenye simu. Fundi atakayelifungua gari hilo miaka mitatu baadaye hatakuwa na kitabu chochote kinacholieleza isipokuwa karatasi hiyo.